Gemu za Magari Kwenye Mteremko wa Kitonga

Wapenzi wa gemu za magari wana swali lao moja lisiloisha: ipi inaendesheka kama gari la kweli? Majibu mengi yametoka Ulaya, Japani na Marekani, na kipimo chake ni viwanja vya mbio vya huko: Nürburgring, Suzuka, Spa, Laguna Seca. Mtu aliyekulia Iringa au Mbeya ana kipimo chake mwenyewe, hakina kiingilio, na kiko wazi usiku na mchana. Ni barabara kuu ya TANZAM, ile inayotoka Dar es Salaam mpaka Tunduma, hasa pale inapopambana na milima: Kitonga upande wa Iringa, Inyala na Iwambi upande wa Mbeya. Ukizipima gemu za magari kwa mteremko, mpangilio wa bora na dhaifu unabadilika sana. Gemu zinazosifiwa kwa kasi zinarudi nyuma, na zile ambazo watu huziona za kishamba, za malori na mabasi, zinasogea mbele.

Sababu ni kwamba kuendesha gari, ukiondoa mapambo yote, ni kazi ya kusimamia uzito. Ukikanyaga breki, uzito wa gari hukimbilia mbele. Tairi za mbele hukandamizwa na kushika vizuri zaidi, za nyuma hubaki nyepesi. Ukikanyaga mafuta, uzito hurudi nyuma. Ukikata kona, hulalia upande wa nje. Dereva mzuri hahitaji kuambiwa haya, anayasikia kiunoni. Mtu aliyeshika pedi mbele ya luninga hana cha kusikia kiunoni, kwa hiyo gemu inalazimika kumpa habari hiyo kwa njia nyingine: pua ya gari inayoinama, mlio wa tairi unaobadilika kabla hazijateleza, usukani unaochelewa kidogo kuitika. Gemu zinatofautiana hapo kuliko zinavyotofautiana kwenye picha.

Tutazame kipimo chenyewe kwa karibu. Anayetoka Dar es Salaam hupita bonde la mibuyu kandokando ya Mto Ruaha Mkuu, kisha barabara inaanza kupanda ukuta wa mlima kuelekea Ilula. Upande mmoja mwamba, upande mwingine korongo. Malori yanayopanda hunguruma kwa gia ndogo, taratibu kiasi kwamba nyani waliokaa kingoni hawajisumbui kuondoka. Yanayoshuka huacha harufu ya breki zilizoungua, na abiria wa basi hufunga dirisha bila kuambiwa. Lori moja likilala katikati ya kona, safari ya pande zote mbili husimama kwa saa kadhaa.

Mbeya hali ni ya hatari zaidi kwa sababu mteremko umeungana na mji. Lori lenye shehena ya kwenda Zambia au Kongo linavuka jiji, linapita Mafiati, halafu linaanza kuteremka kuelekea Mbalizi, likiwa katikati ya daladala, bajaji na watu wanaovuka barabara kwenda sokoni. Zaidi ya mara moja katika miaka ya karibuni, malori yaliyokosa breki yameparamia magari madogo kwenye miteremko hiyo na kuua watu wengi kwa mkupuo.

Hesabu ya jambo hili si ngumu. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 kuhusu udhibiti wa uzito wa magari imeweka kikomo cha tani 56 kwa gari pamoja na mzigo wake. Lori la tani 56 likiteremka mita 100 za wima bila kuongeza mwendo, linalazimika kutoa nishati ya takriban megajuli 55. Sehemu inamezwa na injini iliyoshikiliwa kwa gia ndogo, sehemu ndogo na upepo na msuguano wa tairi, na inayobaki yote inageuka joto ndani ya breki. Nishati hiyo ingetosha kuchemsha lita 150 hivi za maji ya bomba ya Mbeya asubuhi ya mwezi Juni, na Kitonga inateremka zaidi ya mita 100. Dereva akitoa gia na kutembea fri ili kubana mafuta, breki zinabeba mzigo wote peke yake. Ngoma ya breki inatanuka kwa moto na kuikimbia lainingi, lainingi yenyewe inapoteza ukali, na mguu unazama kwenye pedeli bila jibu.

Kwa hiyo ninapokaa mbele ya gemu ya magari, jambo la kwanza ninalotafuta ni hili: je, inajua kwamba kushuka ni kazi?

Kizazi cha kwanza hakikujua, na hakikuwa na sababu ya kujua. Pole Position ya Namco, iliyotoka mwaka 1982, na OutRun ya Sega ya mwaka 1986 zilikuwa na gari lililosimama palepale chini ya kioo huku barabara ikichorwa upya na kukimbilia nyuma. Kona ilikuwa nguvu inayokuvuta pembeni, na mlima ulikuwa mchoro. Ajabu ni kwamba ukoo huo bado unatawala simu zetu. Asphalt 8 ya mwaka 2013 na Asphalt 9 ya mwaka 2018, zote za Gameloft, zina magari yanayong'aa na kuruka juu ya maghorofa, lakini chini ya rangi hizo breki ni kitufe cha kuanzishia mserereko tu. Asphalt 9 ilifika mbali zaidi kwa kuleta mfumo ambao gari linajiongoza lenyewe, mchezaji akibaki kuchagua njia na kubonyeza nitro. Ni burudani halali, na kijana anayeicheza kwenye kiti cha nyuma cha Kosta kutoka Uyole hadi Tukuyu hana kosa lolote. Ila hiyo ni kasi iliyotengenezwa kwa ajili ya macho: kamera inarudi nyuma, kingo za kioo zinafifia, injini inapiga kelele. Ukifumba macho, hakuna gari.

Need for Speed: Most Wanted ya mwaka 2005 inastahili heshima zaidi. Wengi wa rika langu waliitambua BMW M3 GTR ya bluu na fedha kabla hawajaiona BMW yoyote barabarani. Gari lake lina uzito kidogo, linachelewa kuitika, na ukiligonga gari la polisi unasikia kwamba umegonga kitu. Hata hivyo limegundishwa kwenye lami. Ukiwa kilomita 200 kwa saa unaweza kubadili mawazo katikati ya kona na gari likakubali. Kupanda na kushuka ni sawa kabisa kwake, mlima ni mandhari ya kupendeza macho.

Mapinduzi yalikuja Desemba 1997, pale timu ya Kazunori Yamauchi, iliyokuja kuwa kampuni ya Polyphony Digital, ilipotoa Gran Turismo huko Japani. Kabla ya hapo gemu zenye fizikia ya kweli zilikuwa za kompyuta na za watu wachache. Gran Turismo iliiweka ndani ya PlayStation, kwa bei ya mashine ya kuchezea watoto. Na ilifanya jambo jingine ambalo kwetu lina maana kuliko lilivyo na maana kwa Mzungu: ilimwanzisha mchezaji kwa fedha kidogo, na kwa wengi hilo lilimaanisha duka la magari yaliyotumika. Alipaswa kuchagua Mjapani wa mkononi, amfanyie matengenezo, aende naye mbio za wanyonge. Chaser, Impreza na, katika matoleo yaliyofuata, Altezza: magari ambayo Mtanzania anayajua kwa sauti ya eksozi yalikuwa humo, tena yakiwa na tabia zao. Altezza ya kwenye gemu inasukumwa na magurudumu ya nyuma sawa na Altezza inayopita Kabwe, Mbeya. Ukiachia mafuta ghafla katikati ya kona, mkia unataka kutangulia. Kijana wa hapa hakuhitaji kusoma maelezo ya gari hilo. Alikuwa ameshamsikia kaka yake au fundi wa gereji akilieleza.

Siri ya gemu za namna hii iko kwenye tairi. Tairi linapokata kona halielekei sawasawa kule gurudumu lilikoelekezwa. Linajipinda kidogo, na ni kwa kujipinda huko linapata mshiko. Pembe ikiongezeka, mshiko unaongezeka, unafika kilele, halafu unaanza kushuka. Mhandisi Mholanzi Hans Pacejka wa Chuo Kikuu cha Delft na wenzake waliuandikia mwenendo huo kanuni ya hesabu katika miaka ya 1980, na waunda gemu wengi wamekuwa wakiitumia au kuiboresha. Gemu dhaifu haina kilele: tairi linashika au halishiki. Gemu nzuri inakuacha ukae juu ya kilele kwa muda, ukijua kwamba ukizidisha kidogo utaanguka upande wa pili. Hapo ndipo mikono inapoanza kufikiri yenyewe.

Lakini yote haya hupita kwenye pedi, na pedi za vibanda vya gemu vya Mwanjelwa, Mbeya, au Miyomboni, Iringa, hazifanani na zile zilizotoka kiwandani. Chukua moja uitazame. Mpira wa kijiti cha kushoto umeshabanduka, imebaki plastiki iliyolainishwa na vidole vya watoto wa mtaa mzima. Kijiti kikiachiwa hakirudi katikati sawasawa, kwa hiyo gari linavuta kushoto kama gari lililoharibika alaimenti. Pedi halisi ya PlayStation 2 ilikuwa na vitufe vinavyopima nguvu ya kidole: ukibonyeza X nusu, Gran Turismo 4 ilikupa nusu ya mafuta. Nyingi za kuiga hazina uwezo huo, na kwenye iliyochakaa kitufe kinajua mawili tu, kukanyaga na kuachia. Mchezaji mzoefu hujifunza kugongagonga kitufe haraka haraka ili apate mafuta ya wastani, na hukandamiza kijiti kulia muda wote kufidia ule mvuto. Ujuzi huo ni wa kweli, ingawa gemu haikuukusudia.

Luninga nayo ina sehemu yake. Zile za chogo, ambazo watu wamezitupa kwa kuona haya, zilionyesha picha karibu papo hapo. Flati skrini nyingi huichelewesha picha kidogo ili kuipamba kwanza. Kwenye gemu ya mpira hutaona tofauti kubwa. Kwenye gemu ya magari, ucheleweshaji huo unatosha kukufanya usahihishe mserereko ulioisha, na hivyo kuanzisha mwingine. Kuna watu wamelaumu Gran Turismo kwa kuwa ngumu wakati kosa lilikuwa la kioo.

Na Kitonga? Gran Turismo inafaulu nusu. Inajua uzito unaohama na inajua kona ya kuteremka ina hila zake: gari linaloshuka tayari limelalia mbele, kwa hiyo breki kidogo tu inatosha kuutikisa mkia. Toleo la nne la mwaka 2004 lilileta Nürburgring Nordschleife yenye miinuko na mabonde, na humo utayaona hayo yote. Ila gari ni la tani moja na nusu, breki zake hazichoki, na hakuna anayekuja mbele yako. Ni elimu safi ya kiwanjani.

Ili kupata barabara inayobishana na dereva, lazima uende kwenye gemu za rally, na hapa Afrika Mashariki si mgeni mwalikwa. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953 yakizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Colin McRae wa Scotland, aliyeshinda Safari mwaka 1997, 1999 na 2002, ndiye mwenye jina lililo kwenye Colin McRae Rally, na toleo la pili la mwaka 2000 lilikuwa na hatua za Kenya. Baadaye Safari iliondolewa kwenye ubingwa wa dunia. Ilipangwa kurudi mwaka 2020, corona ikaizuia. Gemu ya WRC 9 ilikuwa imeshatengenezewa Kenya, nayo ikatoka Septemba mwaka huohuo. Wachezaji wakaendesha Safari ya kizazi kipya miezi kadhaa kabla ya madereva wenyewe kufika Naivasha, Juni 2021.

Rally ina maana kubwa kwa Nyanda za Juu Kusini kwa sababu sehemu kubwa ya barabara zetu bado ni udongo. Mvua huanza Novemba na kuendelea mpaka Aprili au Mei. Kiangazi, njia ya kutoka Iringa kwenda Hifadhi ya Ruaha ni vumbi na makorogesho ya changarawe. Masika, ukipanda Kikondo kuelekea Makete, udongo unageuka sabuni. Iringa yenyewe imekuwa mwenyeji wa raundi za mashindano ya rally ya taifa, na watoto waliosimama kwenye tuta kutazama wanajua tofauti ya sauti kati ya tairi linalochimba na tairi linaloelea.

Richard Burns Rally ya mwaka 2004 ndiyo niliyoiona ikiheshimu udongo kuliko zote, na umri wake haujaipunguzia. Haikubembelezi. Gari linaingia kona kwa ubavu kwa sababu halina njia nyingine ya kuingia: lazima ulitupe upande mmoja ili uzito ulirudishe upande wa pili. Dirt Rally 2.0 ya mwaka 2019 iliongeza jambo ambalo kila dereva wa Rungwe analijua, kwamba barabara ya udongo haibaki ileile. Magari yaliyotangulia yanaacha mifereji, na anayepita wa mwisho anaendesha barabara nyingine.

Halafu kuna sauti ya msoma ramani. Kwenye gemu za rally sauti hiyo inakuambia kona usiyoiona bado, na baada ya muda unaendesha kwa masikio kabla ya macho. Sikuwahi kuona mwandishi yeyote wa gemu akiihesabu kuwa sehemu ya hisia ya kuendesha, lakini kwetu inapaswa kuhesabiwa. Tandiboi wa lori anayechungulia dirisha la kushoto na kupaza sauti “Twende, mzee, twende, shika kulia kidogo” ni kiungo cha mwili wa dereva. Gari refu haliendeshwi na mtu mmoja.

Tope zito lina gemu yake, SnowRunner ya mwaka 2020, ambayo watu wa mbio huicheka kwa sababu unaweza kutumia nusu saa kuvuka mto. Ningempa nafasi ya juu mtu aliyeitengeneza. Matairi yanazama, yanachimba, yanapata mawe chini, na ukikanyaga mafuta kwa hasira unajichimbia kaburi. Unafunga waya kwenye mti na kujivuta polepole. Yeyote aliyewahi kushuka kwenye Fuso la viazi ili lisukumwe atazitambua hatua zote.

Hill Climb Racing ya Fingersoft ya Finland, iliyotoka mwaka 2012, ina vitufe viwili na picha ya upande mmoja kama katuni. Inachezeka kwenye simu ya bei ndogo kabisa. Lakini katika gemu zote za simu, hiyo ndiyo inayomfundisha mtoto kwamba mafuta mengi kwenye mlima mkali hukupindua chali, na kwamba kilele cha mlima hufikiwa kwa mguu mwepesi. Naiweka juu ya Asphalt bila kusita.

Sasa malori. Euro Truck Simulator 2, ya SCS Software ya Prague, ilitoka mwaka 2012 na bado inakwenda vizuri kwenye kompyuta ya kawaida. Mtu aliyezoea mbio ataiona imelala. Mpe mzigo mzito, umwashie breki za upepo za kweli kwenye mipangilio, halafu umpeleke kwenye milima ya Uswisi. Atagundua kwamba ana breki tatu tofauti na kila moja ina wakati wake: breki ya injini, ritada, na pedeli. Akikanyagakanyaga pedeli kama kwenye gari dogo, geji ya upepo inashuka, na upepo ukiisha magurudumu yanajifunga. Atajifunza kuchagua gia kabla ya mteremko, juu kabisa, wakati bado kila kitu kimetulia. Hilo ndilo somo ambalo wazee wa Kitonga hulirudia: gia unayoshukia inachaguliwa kileleni.

Dosari yake moja huzungumzwa kidogo, nayo ni muda. Ramani ya gemu hiyo imepunguzwa kwa uwiano wa 1 kwa 19, ili Ulaya nzima ienee ndani ya kompyuta. Mteremko wa kilomita 10 unabaki kama nusu kilomita. Uzito upo, gia zipo, upepo upo, lakini mlima unakwisha kabla joto halijapata nafasi ya kujikusanya. Hatari ya Kitonga iko kwenye urefu: dakika baada ya dakika mguu ukiwa palepale, ukidhani mambo ni shwari kwa sababu kona tatu za kwanza zilipita vizuri. Mlima uliofupishwa hauwezi kumdanganya dereva namna hiyo, kwa hiyo hauwezi kumfundisha.

Gemu inayoelewa joto ni BeamNG.drive ya kampuni ya BeamNG ya Bremen, Ujerumani, ambayo imekuwa ikijengwa hadharani tangu mwaka 2013. Gari lake halichukuliwi kama boksi moja. Limejengwa kwa vinundu na vijiti vingi vilivyounganishwa, na kompyuta hukokotoa mwendo wake mara 2,000 kila sekunde. Ukigonga nguzo, bati linajikunja pale lilipogongwa na usukani unavuta kulingana na chuma kilichopinda. Breki zinapata moto, na zikizidi moto zinapungua nguvu. Hapo, kwa mara ya kwanza kwenye gemu, nilibonyeza breki nikaona gari likiendelea kwenda. Ni hisia mbaya, na ndiyo hasa niliyokuwa nikiitafuta. Tatizo ni kompyuta inayohitajika, ambayo bei yake inamshinda karibu kila kijana niliyemtaja hadi sasa.

Ndiyo maana gemu inayopendwa kweli huku haipo kwenye orodha yoyote ya wataalamu. Ni Bus Simulator Indonesia, iliyotolewa mwaka 2017 na kampuni ya Maleo, inayokaa kwenye simu bila kusumbua. Wenyewe waliitengeneza kwa ajili ya mabasi ya Java, na wakaacha mlango wazi kwa mchezaji kubadili rangi za basi na kuingiza magari mapya. Vijana wa Tanzania wakaingia kwa mlango huo. Mabasi ya Kiindonesia yakavikwa rangi za mabasi ya barabara zetu, mpaka maandishi ya kioo cha nyuma. Wadau wa mabasi, wale wanaoweza kutofautisha Yutong na Zhongtong gizani kwa taa zake, wakapata uwanja wao.

Kwa fizikia tupu, basi la gemu hiyo ni jepesi. Linainama kwenye kona lakini halina tani zake, na breki zake hazimkumbushi mtu Iwambi. Kwa nini basi dereva chipukizi wa Makambako anaiona ya kweli kuliko Gran Turismo? Kwa sababu ina kitu ambacho gemu za mbio zimekikata kabisa: gari linalokuja mbele yako. Kwenye mbio wote wanaelekea upande mmoja. Kwenye TANZAM, kwa sehemu kubwa ya njia, kuna njia mbili tu, na ujuzi unaotofautisha dereva aliyekomaa na asiyekomaa ni kujua kama nafasi iliyopo inatosha kulipita lori la mbele. Unahesabu urefu wa tela, mwendo wako, mwendo wa yule anayekuja, na nguvu ya injini mlimani. Bus Simulator Indonesia inakulazimisha kuifanya hesabu hiyo, ikiwa na honi, abiria, bodaboda zinazojitokeza na barabara nyembamba. Hisia yake ni ya nafasi, na hisia ya nafasi nayo ni sehemu ya kuendesha.

Hata hivyo inakosa mazungumzo. Barabarani, lori la mbele likiwasha indiketa ya kulia linakuambia usithubutu, kuna gari. Likiwasha ya kushoto linakupa njia. Mabasi hupeana taa kuonya kuhusu tochi ya trafiki. Hakuna gemu niliyoicheza yenye lugha hiyo, na bila hiyo dereva wa gemu anabaki peke yake kuliko dereva yeyote wa kweli.

Kuna jambo jingine linaloeleza mapenzi hayo. Mabasi ya mikoani yanafuatiliwa na mfumo wa LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri ardhini, unaorekodi mwendo, na kikomo chake ni kilomita 80 kwa saa. Ligi za mabasi zilizowasisimua baadhi ya abiria na kuwaua wengine zimebanwa. Machi 2015, pale Changarawe, Mafinga, zaidi ya watu 40 walikufa baada ya basi na lori kugongana, na aliyeishi ukanda huu hahitaji kushawishiwa kuhusu udhibiti. Ligi imehamia kwenye simu, na mimi naona huko ndiko mahali pake.

Je, gemu inaweza kumtengeneza dereva? Kwa mbio jibu limeshapatikana. Nissan na Sony waliendesha mpango wa GT Academy, na Mwingereza Jann Mardenborough aliyeshinda mwaka 2011 kwa kucheza Gran Turismo akaja kushindana Le Mans. Filamu ya mwaka 2023 ilisimulia habari zake. Iliwezekana kwa sababu mbio za kiwanjani ni kurudia kona zilezile mpaka mikono ikariri, na gemu haina mshindani katika kurudia. Barabara ya Tunduma haikaririki namna hiyo. Leo kona ina lori lililoharibika na matawi yaliyotandazwa kuonya, kesho ina ng'ombe.

Ila lipo jambo moja la barabara hii ambalo gemu ingelifundisha vizuri kuliko mwalimu yeyote aliyekaa kiti cha pembeni, nalo ni kukosa breki. Hakuna chuo cha udereva kinachoweza kumpandisha mwanafunzi kwenye semi la tani 56, kumpeleka juu ya Iwambi na kumwondolea breki ili ajifunze. Anayekutana na hali hiyo huwa ni mara yake ya kwanza, na mbele yake kuna daladala. Vipande vya kutengenezea somo hilo vipo, vimetawanyika: uzito na gia na geji ya upepo viko Prague, joto la breki liko Bremen, magari yanayokuja mbele yako yako kwenye gemu ya Indonesia inayochezwa kwenye simu ya laki mbili. Kinachokosekana ni mtu wa kuviweka pamoja juu ya mlima wenye urefu wake halisi, usiofupishwa hata mita. Mwanafunzi angeanza kushuka kwa gia ya juu, kwa uzembe uleule wa kila siku. Kona ya kwanza ingepita, ya pili ingepita. Angeona geji ikianza kushuka, angejaribu kurudisha gia ndogo na gia ikakataa kuingia kwa sababu mwendo umeshazidi. Baada ya kugonga angeirudisha gemu nyuma, dakika kwa dakika, mpaka aikute ile sehemu ya barabara ambapo lori lilikuwa bado linaweza kusimama.